Baluni za pasteli za jumla: pakiti moja hailingani na nyingine. Mnakaguaje rangi kabla ya kulipa?

#1 Mapambo_Umoja
Habari zenu. Napamba ruracio (sherehe za mahari), harusi na sherehe za siku ya kuzaliwa hapa Nairobi, na siku hizi karibu kila mteja anataka rangi za pasteli: waridi hafifu, samawati, kijani cha mnanaa, zambarau hafifu na pichi. Nyekundu na buluu iliyokolea hazijawahi kunisumbua, lakini hizi laini zinanitesa. Mwezi uliopita nilinunua katoni ya waridi hafifu, inchi 12, katika duka moja la jumla mjini. Pakiti zote zilikuwa na lebo moja, na baluni zikiwa zimelala ndani ya plastiki zilionekana sawa kabisa. Tulipozipuliza, upande mmoja wa tao ulikuwa waridi na upande wa pili ukaelekea pichi, na mama ya bibi harusi aliiona tofauti hiyo kabla hatujamaliza kufunga. Muuzaji anasisitiza kwamba bidhaa ni moja na kiwanda ni kimoja.

Ninachoomba ni njia ya kukagua dukani, nikiwa nimesimama kaunta huku wateja wengine wanasubiri nyuma yangu, kabla sijatuma pesa. Pia nataka kuelewa chanzo, kwa sababu nisipokijua sitajua nitafute nini.

#2 Jumla_Nyamakima
Karibu, dada. Nauza bidhaa za sherehe kwa jumla, na naomba upande wa wauzaji usikike kabla hatujahukumiwa. Malalamiko ya aina hii nikiyafuatilia, mara nyingi nakuta baluni zimejazwa kwa vipimo tofauti. Mfanyakazi mmoja ana pampu ya umeme na anajaza hadi baluni inakaribia kupasuka, mwingine ana pampu ya mkono na anachoka mapema. Baluni iliyojazwa sana hupauka, na hapo mteja husema amepewa rangi mbili. Je, mlitumia boksi la kupimia?

#3 Mapambo_Umoja
Ndiyo, tulitumia boksi lenye tundu la inchi 10 na kila baluni ilipitishwa humo. Niongeze jambo ambalo sikulisema mwanzoni: baluni za pakiti moja zililingana zenyewe kwa zenyewe. Tofauti ilikuwa kati ya pakiti na pakiti.

#4 Mkemia_Viwandani
Nafanya kazi katika maabara ya rangi na mpira, kwa hiyo nitaanza na jinsi baluni inavyotengenezwa, maana tofauti nyingi huzaliwa huko. Kalibu yenye umbo la baluni huchovywa kwanza katika mmumunyo wa chumvi ya kugandisha, ambayo kwa kawaida ni nitrati ya kalsiamu, kisha huchovywa katika lateksi, yaani utomvu wa mpira, ambayo tayari imetiwa rangi. Lateksi huganda juu ya kalibu, mdomo wa baluni hukunjwa, utando huoshwa majini na kupitishwa tanurini ili salfa iuimarishe mpira. Unene wa utando hutegemea ukali wa ile chumvi, muda ambao kalibu imekaa ndani ya lateksi, na kasi ya kuitoa.

Sasa, rangi ya pasteli kwa sehemu kubwa ni nyeupe. Weupe huo hutokana na titani dioksaidi, na juu yake hutiwa kiasi kidogo sana cha rangi nyingine. Kiwanda kikizidisha gramu chache katika nyekundu iliyokolea hakuna atakayejua, lakini gramu hizo hizo katika waridi hafifu hubadilisha kila kitu. Isitoshe, titani dioksaidi ni nzito takriban mara 4 kuliko maji kwa ujazo uleule, ilhali lateksi ni nyepesi kidogo kuliko maji, hivyo tangi lisipokorogwa sawasawa ule weupe hutuama chini, na baluni za mwisho wa zamu hutoka tofauti na za mwanzo wake. Kwa maelezo ya mtoa mada, kwamba pakiti yenyewe inalingana ila inapishana na jirani yake, nashuku bechi mbili, yaani mikupuo miwili tofauti ya utengenezaji, zilizotiwa katoni moja.

#5 Bi_Zuhura_Eastleigh
Sipingi maelezo ya mkemia, lakini mnunuzi hawezi kuingia tangini. Alicho nacho ni mikono na macho. Mwanangu, omba baluni moja kutoka kila pakiti na uzilipie ikiwa muuzaji atataka zilipiwe, kwani bei ya baluni hizo chache si kitu mbele ya bei ya katoni. Usizikague zikiwa zimelala, kwa sababu mpira ambao haujavutwa ni mnene na rangi yake huwa imekolea kiasi cha kuficha tofauti. Beba boksi lako la kupimia kutoka nyumbani, uzipulize zote kwa kipimo kimoja, uzifunge shingo kwa shingo ili zigusane, kisha utoke nazo mlangoni uzitazame penye kivuli, si juani. Halafu zibadilishe nafasi, iliyokuwa kushoto iwe kulia. Ile uliyoishuku ikiendelea kuonekana imepauka hata baada ya kuhama, tofauti ni ya kweli. Ikiwa mpauko umebaki upande uleule wakati baluni imeondoka, hapo ni mwanga unaokudanganya.

Mbele ya duka pakiwa na turubai la buluu, usihukumu rangi chini yake hata kidogo. Mwanga unaopenya turubai hilo huiosha kila samawati ikaonekana safi, na hufanya iwe vigumu kuitenga pichi na waridi. Tembea hadi penye anga wazi. Zile asubuhi za Julai zenye mawingu, ambazo kila mtu mjini anazilalamikia, kwa kazi hii ndizo bora kuliko zote.

#6 Mwalimu_Fizikia
Hesabu iko upande wa Bi Zuhura kuhusu boksi. Mpira wa baluni hauongezeki unapopulizwa, unatandazwa tu. Baluni mbili za aina moja, moja ikijazwa hadi kipenyo cha inchi 10 na nyingine inchi 11, eneo la ile ya pili huwa kubwa zaidi kwa asilimia 21, kwa hiyo utando wake huwa mwembamba zaidi kwa takriban asilimia 17. Katika rangi iliyokolea jicho litavumilia, lakini katika pasteli tofauti hiyo huonekana mtu akiwa upande wa pili wa ukumbi. Ndugu Jumla_Nyamakima ana hoja, ingawa ameharakisha kuifunga kesi.

Jambo la pili ni taa. Wataalamu wa rangi hutumia kama kiwango mwanga wa mchana wa takriban kelvini 6500 (kelvini hapa ni kipimo cha rangi ya mwanga), ilhali balbu za manjano za kumbi nyingi ni kelvini 2700 hadi 3000. Rangi mbili zilizotengenezwa kwa viambato tofauti zinaweza kufanana kabisa chini ya mwanga mmoja na kuachana chini ya mwingine, hali ambayo huitwa metamerizimu. Ikiwa kiwanda kilibadilisha kiambato kimoja cha waridi kati ya bechi na bechi, dukani baluni zitalingana na ukumbini zitapishana, na mnunuzi atakuwa amekagua kwa uaminifu wote. Kwa hiyo mimi huwaambia wanaonunua kitambaa, na nitasema vivyo hivyo kuhusu baluni, kwamba wazitazame mara mbili: kwenye mwanga wa mchana, kisha chini ya balbu ya manjano. Mtoa mada, sherehe ilikuwa ndani au nje?

#7 Mapambo_Umoja
Ilikuwa ndani ya hema jeupe, mchana, bila taa yoyote.

#8 Otis_Langata
Jamani, mnajitesa. Nunueni nyeupe tupu kisha mziangaze kwa taa za rangi, na maneno ya bechi yataisha leo.

#9 Bi_Zuhura_Eastleigh
Otis, nyeupe ndiyo inayosumbua kuliko zote. Chukua nyeupe mpya, uiweke kando ya nyeupe iliyokaa stoo mwaka mzima, uone ile ya pili ilivyogeuka krimu. Jaribu kwanza, kisha urudi utushauri.

#10 Mkemia_Viwandani
Neno hilo la Bi Zuhura kuhusu krimu lina uzito kuliko linavyoonekana. Mpira wa asili hugeuka manjano kadiri unavyozeeka, na joto, hewa na mwanga huharakisha jambo hilo. Umanjano mdogo juu ya waridi huleta pichi, na juu ya samawati huleta rangi inayoelekea kijani. Kwa hiyo mtoa mada atusaidie: je, samawati zake nazo zimewahi kuelekea kijani? Ikiwa ndivyo, umri wa bidhaa utakuwa mshukiwa mkubwa kuliko tangi. Ikiwa samawati hupishana kwa kukolea na kufifia tu, nitabaki na bechi.

#11 Mapambo_Umoja
Samawati nilizonunua duka hilo hilo zilipishana kwa kukolea tu. Kijani cha mnanaa ndicho kilichokuwa na pakiti zinazoelekea manjano.

#12 Mkemia_Viwandani
Basi umetupa ushahidi wa pande zote mbili.

#13 Picha_na_Mwanga
Napiga picha za harusi, na naona hakuna aliyegusa jinsi rangi zinavyochaguliwa siku hizi. Wengi huagiza kwa kutazama picha ambazo muuzaji amewatumia kwa WhatsApp. Kamera ya simu hujikadiria yenyewe nyeupe ni ipi katika kila picha, hivyo pakiti ileile ikipigwa juu ya meza ya mbao na ikapigwa tena juu ya sakafu ya kijivu, itatoka rangi mbili. Picha ina maana pale tu ambapo pakiti zote zimo ndani ya picha moja, chini ya mwanga mmoja, na karatasi nyeupe ikiwa kando yake. Pia zipo programu za simu zinazotoa namba za rangi kwa mfumo wa CIELAB wa mwaka 1976, ambao ndio viwanda hutumia kupima tofauti. Nikipata tofauti iliyo chini ya 2 kati ya pakiti na pakiti, naona hakuna haja ya kugombana na muuzaji.

#14 Mkemia_Viwandani
Mfumo ni huo, lakini simu si kifaa cha kuupimia. Kwa fomyula ya 1976, tofauti ya takriban 2.3 ndiyo huchukuliwa kuwa ndogo kabisa ambayo jicho linaweza kuitambua, na simu ikibadilisha ukadiriaji wake wa nyeupe hupotosha kupita kiasi hicho. Spektrofotometa, kifaa cha maabara cha kupimia rangi, hutoa mwanga wake yenyewe, kwa hiyo haitegemei anga wala balbu. Hata nayo, baluni ni mviringo na utando wake hupitisha mwanga, ndiyo maana maabara hulazimika kuutandaza juu ya kigae cheupe. Linganisha ndani ya picha moja kama ulivyosema mwanzoni, lakini usiziamini namba zenyewe.

#15 Picha_na_Mwanga
Nimekuelewa. Hata hivyo, kwa mtu asiye na maabara, namba inayopotoka kwa pakiti zote kwa namna moja bado inamwonyesha pakiti ipi imejitenga.

#16 Jumla_Nyamakima
Kuna jambo ambalo wauzaji wenzangu hawatapenda nilitaje, lakini bila hilo mtazunguka tu. Si kila pakiti mnayoiona imefungwa kiwandani. Wapo wanaonunua baluni kwa mifuko mikubwa, wakazigawa wenyewe katika pakiti za 50 au 100 na kuzipachika lebo iliyochapishwa hapa hapa mjini. Mfuko mmoja ukiisha, kazi inaendelea na mfuko mwingine, na katoni inajazwa bila kujali kilichotoka wapi. Katoni ya namna hiyo itakuwa na hali ileile aliyoieleza mtoa mada, yaani pakiti zenye kulingana ndani na kupishana nje, wala kiwanda hakihusiki.

Tazameni mshono wa plastiki na lebo. Pakiti ya kiwandani kwa kawaida ina tarehe au namba ya bechi iliyopigwa mhuri, na ubavuni mwa katoni utaikuta namba hiyo hiyo. Tena msichanganye namba ya bechi na namba ya rangi. Kampuni kama Sempertex ya Kolombia na Gemar ya Italia huipa kila rangi namba yake, na namba hiyo inakusaidia kuagiza waridi ileile mwaka ujao, lakini haikuhakikishii kwamba katoni mbili zilichovywa kwenye tangi moja. Kwa kazi kubwa, uliza bechi, na ununue mahitaji yako yote ya rangi moja kwa siku moja. Anayerudi baada ya wiki 2 kuongeza pakiti anaweza kupewa bidhaa ya kontena jingine.

#17 Kipepeo_Kasarani
Mnawalaumu watengenezaji na wafungaji, lakini mimi naona tatizo ni safari na stoo. Katoni hukaa kwenye joto la Mombasa, zikaja Embakasi na kukaa tena ndani ya kontena la chuma, kisha zikaishia Kamukunji karibu na mafundi wanaochomelea vyuma mchana kutwa. Kuchomelea hutoa ozoni, na ozoni huharibu mpira. Pakiti zilizo ubavuni mwa kontena haziwezi kufanana na za katikati.

#18 Mkemia_Viwandani
Ni kweli kuchomelea kwa umeme hutoa ozoni, na ni kweli ozoni ni adui wa mpira wa asili. Lakini ozoni huushambulia zaidi mpira uliovutwa, na alama yake ni nyufa. Baluni zilizolala ndani ya plastiki iliyofungwa hazijavutwa, kwa hiyo sitaitafuta huko sababu ya pichi. Joto ni jambo jingine, na hapo nakubaliana nawe. Mwanga nao usisahaulike: pakiti inayotundikwa mlangoni ili wapita njia waione hupata jua la ikweta kila siku, na kama muuzaji ataishusha na kuirudisha katonini ili ijazie idadi, tayari katoni ina rangi mbili. Kagueni ikiwa plastiki ya pakiti yenyewe imekuwa ngumu au imeanza kupauka upande mmoja.

Wala tusichanganye hilo na ukungu unaotokea baluni inapokuwa tayari imejazwa na kuwekwa nje. Ule wa nje ni oksidesheni ya juu ya utando, ambao hupoteza mng'ao na kuonekana kama mahameli. Baluni mbili za bechi moja, moja ikipulizwa alfajiri na kukaa juani na nyingine ikipulizwa saa sita, hazitafanana saa nane.

#19 Mapambo_Umoja
Zetu zilipulizwa asubuhi hiyo hiyo ndani ya hema, zikafungwa pamoja.

#20 Karani_wa_Mizigo
Nashughulikia uagizaji, na naona mazungumzo yamebaki kwa mnunuzi wa katoni moja. Anayeagiza kontena au hata katoni kadhaa ana nguvu zaidi, mradi aitumie kabla ya malipo ya mwisho. Aombe sampuli iliyoidhinishwa, abaki na nusu na kiwanda kibaki na nusu, na mkataba useme kwamba mzigo utalinganishwa na sampuli hiyo, ikiwa imejazwa kwa kipimo kilichotajwa, kwenye mwanga wa mchana. Nusu anayobaki nayo aihifadhi gizani ndani ya bahasha, la sivyo baada ya miezi sampuli yenyewe itakuwa imegeuka na atalikataa kontena zuri.

Kuhusu idadi ya kukagua, wakaguzi hutumia kiwango cha ISO 2859-1. Kwa ukaguzi wa kawaida wa daraja la pili, mzigo wa baluni 3,201 hadi 10,000 hukaguliwa kwa sampuli ya baluni 200. Katoni ya pakiti 50 zenye baluni 100 kila moja ni baluni 5,000, hivyo ni sawa na baluni 4 kutoka kila pakiti. Mtu asidhani kwamba mpango wa shirika la viwango la KEBS wa kuhakiki bidhaa kabla hazijasafirishwa, ulioanza mwaka 2005, utamfanyia kazi hii. Mpango huo unahusu bidhaa kutimiza viwango vilivyowekwa, na kulinganisha waridi yako na waridi ya jirani yake si kazi yake.

#21 Mwalimu_Fizikia
Jedwali umelinukuu vizuri, ila nina shaka na matumizi yake hapa. Kiwango hicho kinahesabu vitu vyenye kasoro ndani ya mzigo: kwa sampuli ya 200 na kikomo cha asilimia 2.5, mzigo hukubaliwa zikipatikana kasoro 10 na hukataliwa zikifika 11. Lakini katika pishano la bechi hakuna baluni yenye kasoro. Kila moja ni nzuri ikiwa peke yake, na kasoro iko katika kuziweka pamoja. Kwa kuwa mtoa mada ameshasema pakiti zinalingana ndani, baluni ya pili, ya tatu na ya nne kutoka pakiti ileile hazimwambii jipya. Baluni moja kutoka kila pakiti inatosha, na ni kazi ya nusu saa.

#22 Karani_wa_Mizigo
Inatosha ikiwa pakiti zinalingana ndani. Kwa pakiti za kufungwa upya alizozitaja Jumla_Nyamakima, huna hakika hiyo.

#23 Wanja_Ruiru
Naomba kuuliza: nani anayekagua? Upofu wa rangi nyekundu na kijani huwapata wanaume zaidi kuliko wanawake, kwa sababu jeni zinazohusika zimo kwenye kromosomu X, na wengi walio nao kwa kiwango kidogo hawajui kwamba wanao. Pichi na waridi hafifu ni aina ya jozi inayoweza kumpita mtu huyo kabisa. Muuzaji anayeapa kwamba rangi ni moja huenda hadanganyi. Ndugu Jumla_Nyamakima, umewahi kupimwa?

#24 Jumla_Nyamakima
Nilipimwa nilipoomba leseni ya udereva, dada, na macho yangu ni mazima. Lakini shauri ni zuri. Dukani kwangu rangi hupangwa na watu wawili.

#25 Kipepeo_Kasarani
Swali kwa Mwalimu. Nilisikia kwamba Nairobi, kwa kuwa iko juu, baluni hupauka zaidi kuliko pwani. Ni kweli?

#26 Mwalimu_Fizikia
Ukizipuliza hapa kwa boksi la hapa, hapana, kwa sababu kipenyo ni kipenyo popote. Lakini ukizipuliza Mombasa na kuzileta huku kwa gari, ndiyo. Nairobi iko takriban mita 1,795 juu ya usawa wa bahari, na hewa ikiwa nyepesi zaidi baluni hutanuka hadi kipenyo chake kizidi kwa asilimia 7 hivi, utando ukawa mwembamba, nyingine zikapasuka njiani. Haihusiani na kisa cha mtoa mada.

#27 Bi_Zuhura_Eastleigh
Kabla hatujaenda mbali, kuna kosa linalofanana na bechi ambalo wanunuzi hulibeba wenyewe. Tao zuri huchanganya inchi 5, inchi 12 na inchi 18. Msitarajie saizi hizo zilingane hata kama namba ya rangi ni moja, kwa sababu unene wa utando na kiasi cha kuvutwa hutofautiana kwa kila saizi. Mimi huchagua inchi 12 kwanza, kisha nazipuliza ndogo na kubwa kando yake nikizipunguza au kuziongeza hewa hadi zikubaliane, na hapo ndipo naandika kipimo cha boksi kwa kila saizi. Kwa hiyo unapokagua dukani, kagua inchi 12 kwa inchi 12.

#28 Mapambo_Umoja
Asanteni sana. Leo nimejaribu mnayosema kwa pakiti zilizobaki. Nimepuliza moja kutoka kila pakiti hadi inchi 10, nikazitoa nje kivulini, na makundi mawili yamejitenga waziwazi. Chini ya balbu ya manjano yanakaribiana lakini bado yanatofautiana. Plastiki haina mhuri wa tarehe wala wa bechi. Kisha nikafanya jambo ambalo hakuna aliyelitaja: nimezipima pakiti kwa mizani ya jikoni. Zile za waridi zinakaribia gramu 320 kwa baluni 100, na zile za pichi zinakaribia gramu 280.

#29 Jumla_Nyamakima
Hapo sasa umepata. Hizo ni daraja mbili za bidhaa. Sokoni kuna baluni za inchi 12 zenye gramu 2.8 na zenye gramu 3.2, bei zake hazilingani, na mtu amezichanganya chini ya lebo moja. Kuanzia leo dai gramu kabla ya kudai rangi.

#30 Mkemia_Viwandani
Mizani ni wazo zuri, na nitalitumia. Lakini gramu pungufu zinaeleza kwa nini kundi moja limefifia, hazielezi kwa nini limeelekea manjano. Utando mwembamba wa rangi ileile ungetoa waridi iliyopauka, si pichi. Ama baluni hizo nyepesi zimechanganywa kwa kiambato kingine, ama zimekaa muda mrefu zaidi.

#31 Mwalimu_Fizikia
Au utando mwembamba unapitisha mwanga zaidi, na kilicho nyuma ya baluni kinaingia katika rangi tunayoiona. Mtoa mada, ulizitazama mbele ya nini?

#32 Mapambo_Umoja
Mbele ya ukuta wa nyumba, ambao ni wa rangi ya krimu.

#33 Bi_Zuhura_Eastleigh
Kesho weka karatasi nyeupe nyuma yake urudie. Na utazame shingoni pia, karibu na fundo, ambapo mpira haujavutwa sana. Shingo za makundi yote mawili zikiwa waridi moja, Jumla_Nyamakima na Mwalimu watakuwa wamekaribia. Shingo za kundi jepesi zikiwa nazo zimeelekea pichi, ni ya mkemia. Utujuze, na utaje kama pakiti nyepesi zilikuwa juu ya katoni au chini.

#34 Mapambo_Umoja
Nitafanya hivyo. Kuhusu katoni naweza kujibu sasa hivi: zilikuwa zimechanganyika, juu na chini.

#35 Karani_wa_Mizigo
Ukirudi kwa muuzaji, nenda na mizani hiyo na baluni mbili zilizopulizwa, na umwombe afungue katoni nyingine mbele yako. Ubishi wa rangi hauna mwisho, lakini gramu 40 ataziona mwenyewe kwenye mizani.